Wiki 5 baada ya kujifungua: nichague njiti au kitanzi?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 27, naishi Korogwe. Wiki 5 zilizopita nimejifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, kama wa kwanza ambaye sasa ana miezi 20. Siku natoka wodini damu yangu ilikuwa 9. Mtoto ananyonya vizuri, ila jioni bibi yake humpa vijiko vya maji ya dawa ya chango. Hedhi bado. Mume wangu ni dereva wa malori, anarudi wiki ijayo. Nataka kupumzika miaka 4 au 5. Baada ya mtoto wa kwanza nilichoma sindano mara moja, ya pili nikachelewa, ndipo nikabeba mimba ya huyu. Dada yangu ana njiti za uzazi wa mpango mkononi, anatoka damu mwezi wa pili sasa. Jirani aliwekewa lupu, yaani kitanzi cha ndani ya tumbo la uzazi, siku aliyojifungua, ikatoka yenyewe. Mama mkwe anasema njiti husafiri hadi moyoni, na kwamba nikikutana na mume kabla mtoto hajaacha ziwa nitambemenda, yaani mtoto atadhoofika. Nichague ipi? Na je, ningoje kwanza arobaini iishe na hedhi irudi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa uzazi. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye haraka. Usingoje hedhi. Yai hutangulia, damu hufuata kama wiki 2 baadaye. Mama anayesubiri kuona siku zake ndipo aende kliniki anaweza asizione kabisa, akashtukia tumbo. Katika miaka yangu ya ukunga nimewapokea wengi wa namna hiyo, mtoto mgongoni bado hajaota jino, na mama ananiambia, "Lakini sijaona hata tone."

Kwa mama asiyenyonyesha, tunahesabu kwamba anahitaji kinga kuanzia siku ya 21. Anayenyonyesha hupata nafasi zaidi, lakini kwa masharti 3 yanayokwenda pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya tu, usiku na mchana, bila kupewa kingine. Yakitimia yote, ni wanawake 2 hivi kati ya 100 watakaopata mimba. Sasa hayo maji ya chango. Vijiko viwili vya jioni havifuti kinga yote kwa siku moja, ila tumbo la mtoto wa wiki 5 ni dogo. Likijazwa maji, ananyonya kidogo, na akinyonya kidogo kinga yako inalegea. Mwambie bibi kwa heshima kwamba ziwa lako lina maji ya kumtosha, hata kwenye joto la Tanga. Usije ukategemea kinga hiyo peke yake wakati lori liko njiani.

Kuhusu arobaini, ipumzishe miili yenu kama mila inavyosema, sina ugomvi nayo hata kidogo. Lakini hesabu nami: leo una siku 35 na mumeo anafika wiki ijayo. Arobaini yako inaisha siku zile zile anazoingia. Kwenda kliniki hakuvunji arobaini, na njiti na kitanzi vyote unaweza kuwekewa sasa hivi.

Kabla ya kuchagua, nikuambie kwa nini najali sana jambo hili kwako wewe. Tumbo lako la uzazi limekatwa na kushonwa mara 2 ndani ya miezi 20. Kovu linahitaji muda kushikamana. Mimba ikija haraka, kovu linaweza kuachia uchungu ukianza. Na kadiri upasuaji unavyoongezeka, ndivyo kondo la nyuma linavyoweza kujipachika chini, mbele ya mtoto, au kujichimbia kwenye kovu lenyewe likagoma kutoka. Akina mama wa namna hiyo hutoka damu nyingi kuliko wodi inavyoweza kurudisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mama yeyote aliyejifungua mtoto hai angoje angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Wewe umepanga miaka 4 au 5. Umepanga vizuri, ushike hapo hapo.

Ukweli ni kwamba mazungumzo haya ulipaswa kufanyiwa kliniki ukiwa na mimba ya miezi 7. Anayezaa kwa upasuaji anaweza kuwekewa kitanzi kupitia jeraha lile lile, kabla tumbo la uzazi halijashonwa. Hapa nchini, kuanzia 2015, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, FIGO, pamoja na chama cha madaktari hao hapa Tanzania, AGOTA, walifundisha watumishi wa hospitali kadhaa kubwa kuweka kitanzi mara baada ya kuzaa. Lakini ujuzi kuwepo si sawa na mama kuulizwa, na wewe hukuulizwa. Pole.

Hapo ndipo tunamkuta jirani yako. Kitanzi huwekwa ama ndani ya saa 48 za kwanza, ama kuanzia wiki ya 4 na kuendelea. Katikati hapo hatuweki. Kikiwekwa siku ya kujifungua, tumbo la uzazi bado ni kubwa, linajiminya na kujirudi, na mlango wake haujafunga. Takriban 1 kati ya 10 huchomoka. Kikiwekwa baada ya wiki 4, wanaopoteza ni kama 2 kati ya 100. Kwa hiyo kilichomtokea jirani si mkosi wala uzembe wa mkunga, na si dalili ya kitakachokupata wewe. Yeye mwenyewe anaweza kuwekewa kingine akitaka.

Tuje kwenye nguvu ya kila njia. Chukua wanawake 1,000 watumie njia moja kwa mwaka. Kwa njiti, mimba itampata 1 hivi. Kwa kitanzi cha shaba, 8 hivi. Kwa sindano, kwa namna watu wanavyoitumia kweli kweli, wanaruka tarehe, wanakuta foleni, wanasafiri, ni kama 40, na kwa vidonge ni kama 70. Ona kwamba tofauti kati ya njiti na kitanzi ni ndogo mno, na tofauti kati yao na sindano ni kubwa. Uliyopata wewe hayakuwa makosa ya tabia. Mama mwenye mtoto wa miezi 7 anayeharisha hakumbuki tarehe ya kadi. Njiti na kitanzi havikuombi ukumbuke.

Basi usichague kwa kuuliza ipi ina nguvu zaidi. Jiulize ni damu ya namna gani utaweza kuishi nayo.

Njiti ni vijiti laini vya plastiki vyenye homoni, urefu wake karibu sawa na njiti ya kiberiti, na ndilo chimbuko la jina. Utakutana zaidi na Jadelle, vijiti 2 vya miaka 5, au Implanon, kijiti 1 cha miaka 3. Unalala chali, mkono usioutumia sana umekunjwa pembeni ya kichwa. Nesi anachoma ganzi upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, na sindano hiyo ya ganzi ndiyo inayouma kuliko yote yanayofuata. Kisha tundu dogo, vijiti vinaingia chini ya ngozi tu, vinakaa kama herufi V. Hakuna nyuzi. Unafungwa bandeji, unakaa siku 4 bila kulowesha, mkono unavilia damu kidogo halafu unarudi. Kabla hujateremka kitandani weka vidole vyako mwenyewe uvipapase. Lazima uvihisi, vyote viwili. Usipovihisi, sema pale pale, kwa sababu kijiti kilichozama ndicho kinachosumbua siku ya kukitoa.

Damu ya njiti haina ratiba. Leo matone, kesho kutwa hakuna, halafu siku 9 mfululizo kidogo kidogo, kisha miezi miwili kimya. Mara nyingi ukiijumlisha ni ndogo kuliko hedhi uliyoizoea, na kwa wengi hutulia baada ya mwaka wa kwanza. Ikikatika kabisa, haijajificha popote. Ngozi ya ndani ya tumbo la uzazi imekuwa nyembamba, basi hakuna cha kumwagika. Lakini matone yanachosha. Kwa mwanamke anayeswali na kufunga, damu isiyojulikana mwanzo wala mwisho si jambo dogo, na nimeona njiti zikitolewa kwa sababu hiyo peke yake. Wenye elimu ya dini wanatofautisha hedhi na istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Kama linakuhusu, muulize unayemwamini kabla ya kuwekewa, usije ukahangaika nalo peke yako mwezi wa Ramadhani.

Kitanzi cha shaba ni kiplastiki chenye umbo la herufi T, urefu hata sentimita 4 hakifiki, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba, na mkiani kina nyuzi 2. Hakina homoni yoyote. Shaba huvuruga mbegu za mume zisilifikie yai. Kinakaa miaka 10, na ukitaka kukitoa mwaka wa 4 kinatoka. Huwekwa kupitia ukeni, dakika chache, utasikia tumbo linaminya kama siku ya kwanza ya hedhi. Mama anayenyonyesha mara nyingi haumii sana wakati wa kuwekewa. Ila kuta za tumbo lake la uzazi huwa laini, na hatari ya kitanzi kutoboa, ambayo ni nadra sana, huwa juu kidogo kuliko kwa asiyenyonyesha. Kwa hiyo tafuta mkono uliozoea. Uliza bila aibu, "Dada, vitanzi umeweka vingi?" Mkunga anayejiamini hatachukia. Na kama una uchafu wenye usaha au harufu, hilo litibiwe kwanza.

Ratiba ya hedhi kitanzi hakiivurugi, ila miezi 3 hadi 6 ya mwanzo damu huwa nyingi na tumbo huuma zaidi. Kwako wewe, hapa ndipo ninaposita. Damu 9 ni pungufu. Haikukatazi kitanzi, lakini umetoka kwenye upasuaji, unanyonyesha, na chakula unagawana na wawili. Kuongeza hedhi nzito juu ya hayo si jambo ambalo ningelianza nalo. Kipo pia kitanzi chenye homoni, ambacho hupunguza damu badala ya kuiongeza, na kingekufaa sana. Kiulizie, ila usishangae ukiambiwa hakipo, maana vituo vingi havina.

Maziwa: hakuna kati ya njia hizi inayokausha. Njiti zina homoni ya aina moja tu, ile isiyogusa maziwa, na watoto wa akina mama walio nazo wanakua kama wengine. Vidonge vyenye homoni 2 ndivyo vinavyoweza kupunguza maziwa, na wewe unayenyonyesha huvigusi hadi mtoto afike miezi 6. Sindano nayo, ukitaka kuirudia, hungoja wiki ya 6 ipite.

Mimi kwa hali uliyonieleza ningeegemea njiti 2 za miaka 5. Zinalingana na muda ulioutaja, hazikupunguzii damu, na hazihitaji mtu kuingia ndani ya tumbo ambalo kidonda chake bado kibichi. Lakini lipo sharti moja. Kama unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, dawa za kifafa kama karbamazepini, fenitoini au fenobabitali, au efavirenzi kwa wanaoishi na VVU, mwambie nesi. Dawa hizo huiunguza homoni ya njiti upesi na kuipunguzia nguvu, na hapo kitanzi cha shaba ndicho cha kuchukua. Na kama matone ndiyo kitu usichoweza kabisa kuishi nacho, chukua kitanzi, omba vidonge vya kuongeza damu, kula dagaa na mchicha wako, upime damu tena. Utakuwa hujakosea.

Nenda lini? Mtoto ana chanjo ya wiki 6, na kliniki ni hiyo hiyo. Ukiweza, nenda siku chache kabla. Njiti ukiwekewa leo, tumieni kondomu siku 7 za mwanzo, wakati kitanzi cha shaba kinaanza kazi papo hapo. Nesi atakuuliza maswali kujiridhisha kwamba huna mimba, pengine akupime mkojo, usione umeshukiwa. Kondomu muwe nazo ndani hata baada ya hapo, maana njiti na kitanzi havizuii VVU wala kisonono. Simtuhumu mumeo. Ninamwambia kila mke ambaye mwenzake hulala safarini, na kila mume ambaye mke wake hufanya hivyo. Huduma ni bure kwenye vituo vya serikali, na haidai saini ya mume. Lakini kama yeye ni mtu wa kusikia, mweleze kwa simu kabla hajafika. Kovu ni lako, ila hofu ya chumba cha upasuaji aliibeba naye.

Sasa mama mkwe. Usimbishie, maana amelea na ana alichokiona. Njiti iliyowekwa vizuri haisafiri. Mwili huifunga kwa utando mwembamba ikakaa pale pale miaka yote, na unaipapasa mwenyewe kila ukioga. Ajali ya kijiti kuingia kwenye mshipa imewahi kuandikwa na madaktari, nadra mno, na chanzo chake ni kuchomwa kwa kina mahali pasipo pake. Ndiyo sababu nimekusisitizia vidole. Pengine pia anakumbuka Norplant, zile za kwanza zilizokuwa vijiti 6, ambazo kuzitoa kulikuwa kazi kweli.

Na kitanzi kinaponzwa na jina. Kitanzi kwa Kiswahili ni cha kutegea ndege, au cha kunyongea. Nani asiogope? Alikuja bibi mmoja na mkaza mwanawe, akakaa karibu na mlango, mtandio mdomoni. Nikafungua kimoja cha mfano, nikakiweka kiganjani mwake. Alikigeuza, akakunja vile vimikono vya T vikarudi vyenyewe, akavuta uzi kati ya vidole viwili, laini kama uzi wa kushonea kofia. Akauliza, "Mume hachomwi na huu?" Nikamwambia mwanzoni mwengine anaweza kuuhisi, baadaye hulainika ukajikunja, na ukimsumbua tunaupunguza. Akakirudisha mezani taratibu, akamwambia mkaza mwanawe, "Mimi nilidhani chuma."

Kubemenda nako kuna jambo ndani yake. Tendo la ndoa haliharibu maziwa wala mtoto. Lakini wazee waliona kwa macho yao: wenzi wakikutana mapema, mimba inaingia, mtoto anaachishwa ziwa kabla ya wakati, na muda si mrefu miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, anakufa. Daktari Cicely Williams aliyefanya kazi Ghana ya leo aliuandika ugonjwa huo mwaka 1935 kwa jina alilolipata kwa wenyeji, kwa lugha ya Kiga, jina linalomaanisha maradhi ya mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Ndiyo kwashakoo tunayoisema sisi. Kwa hiyo mwambie mama mkwe hivi: "Mama, ninachokwenda kuweka ndicho kitakachozuia mtoto asibemendwe." Hutakuwa umemdanganya.

Kabla hujakubali kuwekewa chochote, uliza swali moja zaidi: "Hapa nani anatoa?" Nimewaona akina mama waliowekewa na timu ya huduma ya mkoba iliyopita siku moja, na miaka ilipotimia zahanati yao haikuwa na mtu aliyejua kutoa. Wengine waliambiwa muda bado, warudi nyumbani, kana kwamba mkono si wao. Una haki ya kutolewa siku yoyote, kwa sababu yoyote, hata ukibadili tu mawazo. Uwezo wa kubeba mimba hurudi mara moja, haukawii kama ulivyo kwenye sindano, ambayo humchelewesha mtu miezi 4 hivi zaidi ya njia nyingine. Asije mtu akakutolea kwa wembe nyumbani. Tarehe ya kuweka na ya kutoa ziandikwe kwenye kadi, na kadi uipige picha kwa simu.

Rudi haraka ukiona mkono umevimba wenye usaha au kijiti kinachungulia. Kwa kitanzi, rudi ukipata homa na maumivu ya chini ya tumbo, hasa wiki 3 za kwanza, ukikosa nyuzi, au hedhi ikishazoea kuja kisha ikapotea.

Dada yako naye asikae ndani akihesabu khanga. Miezi miwili ya matone si ajabu kwa njiti, lakini akachunguzwe kama kuna sababu nyingine, maambukizi au hata mimba iliyokuwepo kabla hajawekewa. Kama hakuna, zipo dawa za siku chache ambazo mara nyingi huikata damu hiyo. Akipewa na bado hataki kuendelea nayo, aitoe, achukue kingine siku hiyo hiyo, asitoke mlangoni mikono mitupu.